Mwezi wa Bagamoyo upige picha siku moja kabla haujajaa

Wadau mlioko Bagamoyo, ufukwe wetu unatazama mashariki kwahiyo mwezi mpevu unachomoza baharini kabisa, huku nyuma yako jua linazama. Watu wengi wanangoja siku yenyewe ya mwezi kujaa, mi nakwambia nenda siku moja kabla, maana kila siku mwezi unachelewa kama dakika 50 hivi, kwahiyo jana yake unatoka mapema bado kuna mwanga na majahazi yanaonekana vizuri, ukichelewa giza linaingia unabaki na kidoti cheupe tu juu ya weusi.

Kwa simu, gusa mwezi kwenye skrini halafu shusha mwanga mpaka uone yale madoa yake, usiogope kushusha sana, mwezi unamulikwa na jua ule. Wenye kamera anzieni ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/8 (uwazi wa lenzi), 1/125 (kasi ya kupiga, sehemu ya sekunde). Simu iegemeze kwenye mtumbwi uliopandishwa mchangani, mkono unatikisika. Na hizo siku ni bamvua, maji yanapanda mbali, begi usiliache chini.

Ukitaka mashimo ya mwezi basi subiri mwezi nusu, vivuli vinayachora vizuri zaidi.