Kupima dresingi ya kuua bakteria: usiliamini duara, hesabu koloni

Weka dresingi (kitambaa cha kufunika kidonda) yenye madini ya fedha juu ya aga, yaani jeli ya kuoteshea bakteria, iliyopandwa bakteria, na kesho yake utakuta duara safi limeizunguka. Linapendeza kwenye picha, lakini linaonyesha tu kwamba dawa imetoka na kusambaa. Ndani ya dresingi wamekufa wangapi? Hapo ni kuhesabu koloni, yaani vishada vya bakteria vinavyoota kwenye sahani ya aga.

Hatua ya 1: bakteria. Otesha *Staphylococcus aureus* na *Pseudomonas aeruginosa*, kila mmoja peke yake, usiku kucha kwenye nyuzijoto 35 hadi 37. Changanya kwenye kimiminika hadi weupe wake ulingane na kipimo cha 0.5 McFarland (chupa ya mfano ya kulinganishia uzito wa bakteria), yaani takriban bakteria milioni 150 kwa mililita, kisha zimua mara 100. Zimulia kwenye maji ya peptoni (maji yenye protini iliyosagwa) yaliyochanganywa nusu kwa nusu na seramu ya ng'ombe. Maji matupu yanaipendelea dresingi, kwa sababu majimaji ya kidonda yana protini na kloridi, na vyote viwili hunasa ayoni za fedha.

Hatua ya 2: vipande. Kata vya sentimita 2.5 kwa 2.5, vitatu kwa kila muda wa kupima, na idadi hiyohiyo ya dresingi ileile isiyo na dawa. Weka kila kimoja kwenye chupa yake, kidondoshee mililita 0.5 za mchanganyiko wa bakteria, inyonywe yote. Funga chupa vizuri: kipande kikikauka, bakteria hufa kwa ukavu na sifa inakwenda kwa dawa.

Hatua ya 3: zima dawa. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Muda ukifika, tumbukiza kipande kwenye kimiminika chenye sodiamu thayoglikoleti ili fedha iache kuua. Usipoizima, itaendelea kuua hadi kwenye sahani, nawe utaandika kwamba bakteria walikufa ndani ya saa 1. Mimi niliwahi kupata sahani tupu kabisa, tukafurahi wiki nzima. Nilipochukua kimiminika kilicholowekwa dresingi na kukitia bakteria wapya kama 100, ziliota koloni 11. Kwenye kimiminika kisicho na dresingi ziliota 94. Fedha ilikuwa bado inaua, kwa hiyo matokeo yote tuliyatupa. Siku hizi jaribio hilo dogo nalifanya kabla ya kitu kingine chochote.

Hatua ya 4: hesabu. Tikisa kwa nguvu, zimua mara 10 kwa 10, panda, na kesho yake soma sahani zenye koloni 30 hadi 300. Dresingi isiyo na dawa ikibaki na bakteria 2,000,000 na yenye dawa 2,000, umepunguza logi 3, yaani mara 1,000, sawa na asilimia 99.9.

Hatua ya 5: rudia siku kwa siku. Dresingi itakayokaa siku 3 kwenye kidonda ipimwe siku 3, kila asubuhi ukiongeza bakteria wapya kwenye kipande kilekile. Yetu ilishindwa siku ya 2, tukairudisha kwa wenzetu wanaopaka dawa kwenye kitambaa.