Somo: Picha ya TV inakatakata kwenye kompyuta ya sebuleni

Wakuu, swali hili limejibiwa mpaka limeota kutu. Naliandika mara moja kwa urefu, kuanzia leo anayeuliza ataelekezwa hapa.

Walengwa ni wenye kompyuta ya mtumba, OptiPlex au ThinkCentre na ndugu zao, iliyofungwa kwenye runinga kwa HDMI, ina Kodi (programu ya kutazamia video na TV), na chaneli za bure zinaingia kwa tyuna ya USB ya DVB-T2 (TV ya dijitali ya antena) kupitia Tvheadend, programu inayozipokea na kuzipeleka kwa Kodi. Ukiwa na mpangilio mwingine, mengi bado yatakufaa.

Kabla ya kununua ramu, kebo au chochote, iangalie picha dakika tano. "Inakatakata" ni jina moja la magonjwa manne. Picha ikivunjika visanduku na sauti ikakwaruza, tatizo ni signali. Picha ikisimama kisha ikaruka mbele, sauti ikatangulia na feni ikanguruma, prosesa imezidiwa. Duara la kusubiri likija, ni mtandao. Ya nne ndiyo inayowapoteza wengi: kila kitu ni kisafi, sauti haina kasoro, lakini yale maandishi ya habari yanayopita chini ya kioo yanatembea kwa kudundadunda, na kamera ikifuata mpira uwanja mzima unatetemeka. Hiyo ni hezi, yaani idadi ya mara kioo kinachorwa upya kwa sekunde, nenda moja kwa moja hatua ya 4.

Hatua ya 1. Zima uwashe, sasisha draiva ya grafiki, funga kivinjari kilichobaki wazi nyuma.

Hatua ya 2. Chaneli ikiwa inacheza, bonyeza Ctrl+Shift+O. Tazama mstari wa dikoda: mwishoni pana HW au SW. HW maana yake grafiki ndiyo inayofungua video. SW maana yake mzigo wote uko kwa prosesa. Kwa chaneli ya kawaida ya H.264 (mtindo wa kubana video; HEVC, VP9 na AV1 ni mitindo mipya zaidi) hata prosesa peke yake inaweza kumudu, ila faili la HEVC la 4K litaipigisha magoti.

Kwa Intel, vizazi ni hivi. Cha 4 (i5-4590 na wenzake) kinafungua H.264, ila HEVC hakina njia kamili ya kuifungua. Cha 6 kinafungua HEVC ya biti 8 (biti ni kina cha rangi). Cha 7 kinafungua HEVC ya biti 10 na VP9. AV1 inaanzia cha 11. Kama prosesa yako ni ya zamani na kesi ina nafasi, kadi ya grafiki ya GT 1030 inafungua HEVC ya biti 10. GT 710 na GT 730 hazifungui HEVC kabisa, hata muuzaji akiapa. Kwenye Linux andika `vainfo` uone orodha. Isipotoka, draiva ya VAAPI (njia ya Linux ya kuipa grafiki kazi ya video) haijawekwa.

Hatua ya 3. Signali. Fungua ukurasa wa Tvheadend kwenye kivinjari, bandari 9981, nenda Status, kisha Stream. Usidanganyike na asilimia ya nguvu, tazama SNR (signali imezidi kelele kiasi gani) na zile safu za "Uncorrected blocks" na "Continuity errors". Namba zikipanda huku unatazama, kompyuta haina kosa lolote. Kagua plagi za antena, badili kebo ya koaksia iliyochoka (ohm 75, RG6), halafu zima taa za LED na chaja za bei rahisi moja baada ya nyingine uone kama namba zinatulia.

Hatua ya 4. Hezi. Hapa hata mimi niliwahi kuharibu, kwa hiyo soma polepole.

TV ya kwetu inarushwa kwa fremu 25 kwa sekunde, na zilizo za intaleisi (kila fremu imegawanywa nusu mbili, mstari mmoja huku na mmoja kule) zinabeba nusu-fremu 50. Kompyuta kwa kawaida huchora kioo mara 60. Fremu 25 kwenye hezi 60 zinataka kila moja ionyeshwe mara 2.4, jambo lisilowezekana, kwa hiyo nyingine zinakaa mara 2 na nyingine mara 3: 2, 2, 3, 2, 3. Jicho linaiona hiyo kama mtetemeko. Hakuna ramu wala kebo itakayoiondoa. Dawa ni runinga ipelekewe hezi 50.

Ndani ya Kodi ingia Settings, panda kiwango cha mipangilio mpaka Expert (kitufe kiko chini kushoto), kisha Player, Videos, "Adjust display refresh rate", chagua "On start / stop". Wengi wangeishia hapo wakaona nafuu. Kisha wanagundua Whitelist, orodha ya hezi ambazo Kodi inaruhusiwa kutumia, kule System, Display, wanaweka alama kila mahali wakidhani ndiyo ukamilifu. Hapo ndipo nilipoharibu.

Onyo la kwanza: usiweke alama kwenye hezi 25 wala 30. Kodi inaposoma chaneli ya intaleisi inaiona kama fremu 25. Ikikuta 25 kwenye orodha inaichukua, na nusu ya mwendo inapotea. Mpira unakuwa mzito kana kwamba wachezaji wako ndani ya maji. Kwa 1920x1080 weka 23.976, 24, 50, 59.94 na 60, basi. Washa na ile ruhusa ya kuzidisha hezi mara mbili iliyo jirani na orodha.

Onyo la pili: ukianza kutia alama, Kodi inabaki na hizo tu. Ukisahau 50, umejirudisha ulikotoka.

Onyo la tatu: usitie alama za 4K kama kompyuta yako inatoka kwa HDMI 1.4 au adapta ya bei rahisi ya DisplayPort. Hizo kwa 4K zinaishia hezi 30, na utabaki na kioo cheusi usijue urudi wapi.

"Sync playback to display" ni kitu kingine. Inarekebisha kasi ya sauti kidogo ili ifuatane na kioo, ndiyo sababu haipatani na sauti ghafi inayopelekwa kwenye resiva ya sauti, ile inayoendesha spika. Kama huna resiva, ijaribu.

Hatua ya 5. Intaleisi. Ukiona vichana kwenye kingo za kitu kinachokimbia, kiondoa intaleisi hakijawashwa. Chaneli ikiwa inacheza, fungua mipangilio ya video, badili "Deinterlace method". Njia bora zinakula kasi ya kumbukumbu sana, na grafiki ya ndani ya Intel inatumia ramu ya mashine. Kijiti kimoja cha GB 8 kinabanwa kuliko viwili vya GB 4 vilivyo kwenye nafasi za rangi moja. Hapa tu ndipo suala la ramu lina maana.

Hatua ya 6. Joto. Dakika kumi za kwanza safi, kisha inaanza kusuasua? Soma joto. Likikaa juu ya nyuzi 85 kwa kutazama TV tu, puliza vumbi na ubadili pesti ya prosesa: futa ya zamani kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, weka mpya kiasi cha punje ya mbaazi, kaza skrubu kwa kukingama, kidogo kidogo.

Hatua ya 7. Mtandao. Nakili faili lilelile kwenye diski ya ndani. Likicheza vizuri, achana na Kodi, shughulika na Wi-Fi.

MASWALI

Mdau, Morogoro: Mkuu yangu inakata sana nisaidie haraka leo kuna mechi

Jibu: Ipi kati ya zile nne? Ctrl+Shift+O inasema HW au SW?

Mdau, Morogoro: Sijasoma yote ni ndefu

Jibu: Soma hatua ya 4. Mechi ina dakika 90, somo lina tano.

Mdau, Tanga: Naomba kuelewa, kwa nini sisi 50 na si 60? Nani aliamua?

Jibu: Swali zuri. TV za mwanzo zilifungwa na mwendo wa umeme wa nchi, ili mawimbi ya umeme yakiingilia picha yasionekane yakitembea. Penye umeme wa hezi 50, TV ikawa 50. Marekani umeme ni 60, TV yao ikawa 60, na rangi ilipokuja wakaishusha kidogo ikawa 59.94. Zanzibar ilipoanza TV ya rangi miaka ya 1970 ilikuwa ya mfumo wa PAL, fremu 25. Dijitali ilipokuja, na mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ikazimwa mwisho wa 2012, hesabu ile ikarithiwa ingawa umeme hauhusiki tena. Filamu ndizo zenye njia yao, nyingi ni 23.976. Ukizionyesha kwa 24 kamili inabidi fremu moja irudiwe kila baada ya sekunde 41 na ushee, ndiyo maana hizo mbili zinawekwa alama kila moja peke yake.

Mdau, Mombasa: Nimefuata hatua zote na bado, sasa nimenunua HDMI ghali ya kupakwa dhahabu, hakuna tofauti. Somo halifanyi kazi.

Jibu: Wapi somo limesema ununue HDMI? Kebo mbovu inaleta kioo cheusi, kumetameta kwa nukta, au picha kupotea na kurudi. Haileti mtetemeko. Weka hapa picha ya Whitelist yako.

Mdau, Mombasa: Hii. Nimeweka alama zote.

Jibu: Onyo la kwanza. Toa 25 na 30.

Mdau, Mombasa: Imetulia. Shukran.

Mdau, Mwanza: Kodi yangu poa ila YouTube kwenye Chrome inasuasua kwa 1080p60. i5-4590, GB 8.

Jibu: Umetoa maelezo yote, ubarikiwe. YouTube inakupelekea VP9 au AV1, na kizazi cha 4 hakina njia kamili ya kuifungua kwa grafiki. Weka kiongezi cha kivinjari kama h264ify, kinailazimisha ilete H.264. Utakosa kinachozidi 1080p, lakini mashine hiyo isingekimudu hata hivyo. Kwenye Windows thibitisha kwa Task Manager, sehemu ya GPU, grafu ya Video Decode. Inapaswa kupanda huku prosesa ikishuka.

Mdau, Kibaha: Signali inasoma 100% lakini visanduku kibao. Niongeze busta (kikuza signali) ya pili?

Jibu: Ondoa hata ya kwanza. Ukiwa karibu na mnara, busta inaizidishia tyuna mpaka inalewa. SNR inashuka ingawa nguvu inasoma juu. Bado ikizidi, weka kipunguzi cha signali cha dB 10.

Mdau, Arusha: Nje ya mada kidogo: kibodi yangu isiyo na waya inaruka herufi nikichomeka diski ya nje.

Jibu: Diski ya USB 3 inatoa kelele kwenye eneo la GHz 2.4, na kibodi inaishi humohumo. Chukua kebo ya USB ya kurefusha ya mita moja, kipokezi cha kibodi kikae mbele ya runinga. Tyuna nayo iondoe jirani na tundu hilo.

Mdau, Nairobi: Nyongeza kwa wenye gigabiti: yangu ilikuwa inagota 100 Mbps, filamu nzito zinakwama. Waya mmoja ndani ya plagi ya RJ45 haukugusa.

Jibu: Nyongeza nzuri. Gigabiti inataka jozi zote 4, 100 inaridhika na 2, kwa hiyo kebo nusu-mbovu inaonekana nzima. Bana plagi upya.

Mdau, Tanga: Na umeme ukikatika, ukirudi mzee nyumbani hajui kuwasha mashine, iko nyuma ya kabati.

Jibu: Ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla haijawaka kabisa). Kwenye OptiPlex tafuta "AC Recovery", weka "Power On". Umeme ukirudi inajiwasha yenyewe. Kodi iweke ianze pamoja na mashine, mzee abaki na rimoti tu.