Kupachika flashi na diski ya nje kwenye Linux, na kuichomoa bila kupoteza faili

Kuchomeka flashi ni jambo moja, kuipachika ni lingine. Ukiichomeka, keneli ya Linux (kiini cha mfumo) inakitambua kifaa na kukipa jina, mfano /dev/sdb. Faili zilizomo bado huzifikii mpaka mfumo wa faili (mpangilio unaohifadhi faili) wa flashi hiyo upachikwe kwenye folda, na folda hiyo ndiyo inakuwa mlango wako. Ubuntu au Fedora ya mezani inafanya yote mawili yenyewe. Kwenye seva, au Raspberry Pi isiyo na skrini, kazi ya pili ni yako.

Jua jina kwanza

Endesha amri hii kabla ya kuchomeka, kisha chomeka, subiri sekunde chache, uirudie:

    lsblk -f

Mistari iliyoongezeka ndiyo flashi yako:

    sdb
    └─sdb1 vfat KAZI 4A1C-9E07

sdb ni kifaa kizima. sdb1 ni patisheni (sehemu ya kifaa) yenye faili, na hiyo ndiyo inayopachikwa. Ukipachika sdb badala ya sdb1 utajibiwa "wrong fs type, bad option, bad superblock", na watu wengi wanadhani flashi imekufa kumbe wamesahau namba 1.

Usikariri kwamba flashi ni sdb siku zote. Kompyuta yenye diski ya NVMe huiita diski yake nvme0n1, hivyo flashi inaweza kuwa sda. Kwenye mashine ya SATA, sda kwa kawaida ndiyo diski yenye mfumo wako wote. Kukosea herufi kwenye mount hakuharibu kitu, ila kukosea kwenye mkfs (amri ya kuunda mfumo mpya wa faili) au dd (amri ya kuandika moja kwa moja juu ya diski) kunafuta kila kilichomo.

Kama hakuna mstari mpya, tazama ujumbe wa keneli kwa `sudo dmesg | tail -n 20` (sudo huendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi). Napo pakiwa kimya, jaribu tundu lingine au kebo nyingine. Diski ya nje inayojitokeza na kupotea mara nyingi inakosa umeme: tundu la USB 2.0 linatoa miliampea 500 tu, la USB 3.0 linatoa 900. Tumia habu yenye adapta yake.

Kupachika

Njia nyepesi ni hii:

    udisksctl mount -b /dev/sdb1

Ukiwa umekaa kwenye mashine yenyewe haihitaji sudo, na faili zinakuwa zako. Ubuntu na Debian huiweka chini ya /media, Fedora na Arch chini ya /run/media, katika folda yenye jina lako la mtumiaji. Kama udisksctl haipo:

    sudo mkdir -p /mnt/flashi
    sudo mount -o uid=$(id -u),gid=$(id -g) /dev/sdb1 /mnt/flashi

Hayo maneno ya uid na gid usiyaache. FAT32 (ile vfat ya hapo juu) na exFAT, mifumo ya faili ya kawaida kwenye flashi, hazihifadhi mwenye faili, kwa hiyo bila hayo kila kitu kinakuwa cha root, yaani msimamizi: utasoma, lakini kuandika utakataliwa, na chown (amri ya kubadili mwenye faili) haitakusaidia. Kwa ext4, mfumo wa faili wa Linux, yaondoe, huko chown inafanya kazi.

Ukiona "Read-only file system" katikati ya kazi, keneli imekuta hitilafu ikafunga uandishi kwa makusudi. Iondoe kwa umount, endesha `sudo fsck.vfat -a /dev/sdb1`, kisha ipachike upya. Diski ya NTFS (mfumo wa faili wa Windows) iliyochomolewa vibaya kwenye Windows inaweza kukataa kabisa. Dawa nzuri ni kuirudisha Windows ikaguliwe kwa chkdsk. Na faili inayogoma na "File too large" imegusa kikomo cha FAT32: haipokei faili inayofika GB 4.

Flashi iliyorudi kutoka steshenari ikiwa na virusi vya shotikati, ambayo Windows inaonyesha folda zimepotea, ifungue humu. Linux haifuati alama ya kuficha ya Windows, kwa hiyo folda zako utaziona. Zinakili kabla ya kufuta chochote.

Kuondoa: hapa ndipo faili zinapopotea

Nakili video ya MB 700 kwa cp, na baada ya sekunde chache amri inarudi kana kwamba imemaliza. Haijamaliza. Data iko kwenye RAM, na keneli inaishusha kwenye flashi polepole. Flashi ya bei ndogo inayoandika MB 5 kwa sekunde inahitaji zaidi ya dakika mbili. Ukichomoa sasa, jina la faili unaweza kuliona, lakini ndani ni pungufu. Itazame ikishuka:

    watch grep -e Dirty: -e Writeback: /proc/meminfo

Namba zinateremka kadiri data inavyoandikwa. Kisha:

    udisksctl unmount -b /dev/sdb1
    udisksctl power-off -b /dev/sdb

Uliyepachika kwa mount, ondoa kwa `sudo umount /mnt/flashi`. Amri ikikaa dakika nzima bila kusema kitu, iache, inaandika. Ikijibu "target is busy", mara nyingi terminali yako yenyewe imo ndani ya folda hiyo. Andika `cd ~` ujaribu tena. Bado? `sudo fuser -vm /mnt/flashi` itakutajia programu iliyoshikilia. Usikimbilie `umount -l`: inaondoa folda machoni pako huku uandishi ukiendelea, nawe unachomoa ukiamini mambo yamekwisha.

Diski inayokaa hapo daima

Iandike kwenye /etc/fstab, faili ya vitu vya kupachikwa mashine inapowaka, kwa UUID (namba ya utambulisho iliyoonyeshwa na lsblk -f), kwa sababu herufi za sda na sdb zinabadilika:

    UUID=4A1C-9E07 /mnt/flashi vfat nofail,uid=1000,gid=1000 0 0

Bila nofail, siku diski haipo mashine itaisubiri sekunde 90 wakati wa kuwaka, kisha itaingia hali ya dharura, na kwa seva ya mbali hiyo ni safari. Kabla ya kuzima na kuwasha, endesha `sudo findmnt --verify`, halafu `sudo mount -a`. Kosa la herufi moja litaonekana hapo, ukiwa bado umeingia.