Kesi ya subwufa iliyofungwa: piga hesabu ya litre mbele seremala hajakata mbao

Ukifika kwa seremala pale Kadutu, hapa Bukavu, umwambie unataka kesi ya subwufa ya inchi 12, atakuuliza tu inaingia mu buti ya gari gani, kisha anakata, na hapo ndo besi inaharibika. Kesi iliyofungwa haina tundu, sasa hewa ya ndani inakuwa resori nyuma ya spika, kesi ikiwa ndogo resori inakaza na rezonansi (ile Hz yenye chini yake besi inafifia) inapanda.

Shika karatasi ya spika utafute vitu vitatu: Fs (rezonansi ya spika ikiwa bila kesi), Vas (litre za hewa zenye ugumu sawa na resori ya spika yenyewe) na Qts (namba ya namna spika inajizuia kutikisika). Karatasi ikipotea andika namba ya modeli ku intaneti. Tuseme Fs ni Hz 28, Vas litre 60, Qts 0.45. Gawanya Vas kwa litre za kesi, ongeza 1, bonyeza √ ku telefone, jibu uzidishe na Fs. Kesi ya litre 15: 60 kwa 15 ni 4, weka 1 inakuwa 5, √ yake 2.24, rezonansi iko karibu Hz 63. Na ile noti ya Mi ya chini ya gita la besi iko Hz 41, kwa hiyo inafifia, halafu unalaumu ampli! Ile 2.24 zidisha na Qts pia, unapata 1, yaani besi inavimba juu kidogo ya rezonansi, ile bum bum ya noti moja. Kuna wenye wanaipenda mu taksi, mimi hapana.

Ukitaka sauti inyooke, hilo jibu la kuzidisha na Qts liwe karibu 0.7. Spika hii inaipata kwa litre 41, rezonansi Hz 44. Litre 60 inashusha mpaka Hz 40 tu, mbao nyingi kwa faida kidogo.

Litre ni za ndani, tafadhali. Spika yenyewe inakula kama litre 2, basi tengeneza 43: sm 35 kwa 35 kwa 35 ndani, na tripleksi ya mm 18 nje inakuwa 38.6. Seremala akipima 35 ya nje unabaki na litre 29 hivi, rezonansi Hz 49.

Kama nafasi haipo, jaza pamba ya mito bila kuikandamiza, spika itaona kesi kubwa kidogo. Kole na silikone ku viungo vyote, kisha piga toni ya Hz 30 polepole upitishe kidole chenye maji pembeni, penye unasikia upepo ziba tena.