Kutoka Kucheza Tenisi hadi Kufundisha: Mwongozo kwa Mchezaji Mstaafu Anayerudi Tabora

Mchezaji wa tenisi aliyetundika raketi na kurudi nyumbani Tabora huja na mali isiyouzwa dukani, nayo ni ile miaka ya kuutazama mpira ukimjia na kuamua la kufanya kabla haujadunda. Mali hiyo, hata hivyo, imo mwilini mwake na haijafika mdomoni, na kazi ya kwanza ya kocha mpya ni kuitafutia maneno ambayo mtoto wa darasa la tatu atayaelewa. Nilipoanza kufundisha, nilitumia miezi mingi nikipiga pigo zuri na kusema "fanya hivi", huku watoto wakinitazama kwa heshima na kurudi makwao vilevile walivyokuja. Nayaandika haya ili mwenzangu asiipoteze miezi kama ile.

Kabla hujamwita mtoto yeyote, nunua daftari, tafuta ukuta, kisha upige kila pigo polepole ukiwa peke yako na uandike kiungo kipi kinaanza na kipi kinafuata: mguu, kiuno, bega, mkono, kiganja. Fanya hivyo kwa pigo la mkono wa mbele, la mkono wa nyuma na la kuanzisha mpira. Utagundua kwamba mengi uliyokuwa ukiyatenda hukuwahi kuyajua, na mengine uliyafanya kwa sababu ya urefu wako au jeraha la zamani, hivyo hayafai kurithishwa.

Katika kurasa za nyuma za daftari hilo andika mechi ulizoshindwa, kwani mstaafu hana somo kubwa kuliko hilo. Ivan Lendl, bingwa wa tenisi wa zamani, alipoteza fainali zake nne za kwanza za mashindano makuu ya dunia kabla ya kutwaa taji la Ufaransa mwaka 1984. Mwanzoni mwa 2012 alianza kumfundisha Andy Murray wa Uingereza, ambaye tayari alikuwa ameshindwa fainali tatu za aina hiyo. Mwaka huohuo Murray akapoteza ya nne, Wimbledon, kisha akashinda ya tano huko Marekani. Wako makocha wengi wanaoweza kurekebisha mkono wa mchezaji, lakini aliyewahi kusimama palepale akashindwa ndiye anayejua la kumwambia mtu usiku wa kuamkia fainali, na pia anajua ni lini anyamaze. Mtoto wa Ipuli au Cheyo hapa Tabora anayelia baada ya mechi ya shule anahitaji kocha wa namna hiyohiyo.

Kuhusu uwanja, usisubiri uwanja kamili. Kipimo kamili ni mita 23.77 kwa 10.97, lakini mtoto wa chini ya miaka minane hucheza kwenye kiwanja chenye urefu wa mita 11 hivi, kwa wavu wa sentimita 80, na uwanja mmoja kamili ukigawanywa kwa upana hutoa viwanja vidogo vinne. Sawazisha moramu, ishindilie, chora mistari kwa chokaa na ufunge kamba kati ya nguzo mbili. Elekeza kiwanja kaskazini na kusini, kwa sababu kikielekea mashariki na magharibi mchezaji mmoja atapigwa na jua machoni asubuhi na jioni. Kazi hiyo ifanyike kati ya Mei na Oktoba, kabla mvua za Novemba hazijaanza kuligeuza moramu kuwa tope.

Mipira michakavu usiitupe. Mpira mzuri ukiachiwa kutoka sentimita 254 juu ya sakafu ngumu hudunda kati ya sentimita 135 na 147. Ule unaodunda chini ya hapo humfaa anayeanza, kwa kuwa hauruki kupita bega lake na humpa muda wa kupanga miguu. Wengi hukosea hapa kwa kumpa mtoto mpira mpya wenye kasi na raketi ya mtu mzima, kisha wakahitimisha kwamba hana kipaji.

Katika masomo ya mwanzo simama hatua nne kutoka kwa mwanafunzi na umrushie mpira kwa mkono, kutoka chini. Mpe jambo moja tu kwa siku, kwa mfano kugeuza bega mapema, na ujizuie kusahihisha mengine hata ukiyaona. Zuio hilo ni gumu kwa mtu aliyezoea kushinda, na mimi nalihesabu kuwa ndilo linalomtenganisha kocha na mchezaji.

Mambo ya ofisini hayachukui muda mrefu. Muone afisa michezo wa halmashauri, pata ruhusa ya mwalimu mkuu na idhini ya maandishi ya kila mzazi, na usibaki peke yako na mtoto mahali palipojificha. Wasiliana pia na Chama cha Tenisi Tanzania kuhusu kozi ya ngazi ya kwanza ya Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF. Kipato kitafutwe kwa watu wazima wanaotoka kazini jioni, ili ada yao ilipie mipira ya watoto wa Jumamosi asubuhi.

Siku itafika ambapo mwanafunzi wako bora atahitaji wapinzani ambao Tabora haina. Mwachie aende. Carlos Alcaraz, bingwa wa tenisi kutoka Hispania, alianza kwenye klabu ya kijijini kwao El Palmar, alikokuwa akifundisha baba yake, na alikuwa na miaka 15 alipoingia mikononi mwa Juan Carlos Ferrero, bingwa wa mashindano makuu ya Ufaransa ya 2003. Mkumbushe mwanafunzi kwamba Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, hivyo akifika Dar es Salaam mpira utaanguka mapema kidogo kuliko alivyozoea na atapaswa kupiga kwa nguvu zaidi. Kisha nakili kutoka daftarini kurasa zote zinazomhusu, uzitie katika bahasha, na umwandikie kocha mpya yale ambayo bado hujayarekebisha.