Kumtembelea muumini mwenye sonona: kwa wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya

Muumini hajaonekana ibadani, kwaya ameiacha, usiku hapati usingizi, chakula hakimpandi, na anasema maombi yake yanaishia darini. Hali hiyo ikimkaa karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, na kazi zake zikamshinda, huenda ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito (depression). Msianze kutafuta dhambi. Wanafunzi walipouliza kuhusu kipofu, ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake, Yesu aliikataa hesabu hiyo yote (Yohana 9).

Nendeni watu wawili, mmoja awe wa jinsia yake. Jumuiya nzima ikija na mapambio, mgonjwa atalazimika kuchemsha chai na kutabasamu, na mkiondoka atabaki amechoka zaidi. Nusu saa inatosha.

Mpangilio wa ziara uchukueni kwenye 1 Wafalme 19. Eliya alilala chini ya mretemu akaomba afe. Malaika hakumkemea: alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha tena. Swali la "Unafanya nini hapa?" lilikuja baadaye sana, Horebu, baada ya safari ya siku 40. Kwa hiyo ulizeni kwanza: umekula nini leo? Umelala kiasi gani? Nani anawaangalia watoto? Pelekeni chakula kilichokwisha kupikwa. Unga na mboga mbichi ni kazi nyingine mnamtwisha.

Kisha nyamazeni, mumsikilize. Rafiki za Ayubu walifanya vizuri siku 7 walizokaa kimya. Waliharibu walipofumbua vinywa na kudai kwamba anayeteseka ana dhambi aliyoificha. Mungu akamkasirikia Elifazi na wenzake (Ayubu 42:7). Ajabu ni kwamba hoja za Elifazi bado zinaitikiwa "Amina" mimbarini.

Andiko la kwanza lisiwe "Furahini katika Bwana siku zote". Mgonjwa husikia amri nyingine aliyoshindwa kuitii. Someni Zaburi 13, polepole, kisha mwulizeni ni mstari upi unaosema yaliyo moyoni mwake. Siku nyingine someni Zaburi 88, ambayo inaishia gizani bila neno la shukrani. Iacheni iishie hapo hapo. Msikimbilie ya 89 ili kumchangamsha. Ombeni dakika mbili tatu kwa sauti ya kawaida, na kabla ya kumwekea mikono mwombeni ruhusa. Kukemea pepo acheni: mtu anayejiona hafai akiambiwa ana pepo, kisha asipone, atabeba ugonjwa pamoja na aibu ya kushindwa kufunguliwa.

Kuna swali wengi hulikwepa: "Umefikia kutaka kujiua?" Uliza waziwazi, kwa upole. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Mara nyingi humpa nafuu ya kusema. Akikubali, asiachwe peke yake. Dawa za wadudu, za panya na akiba ya vidonge zihamishiwe nyumba nyingine, na aende hospitali siku hiyo hiyo. Mwambieni wazi kwamba hili hamtalifanya siri, kisha mhusisheni ndugu anayemwamini. Msimtishe na jehanamu, atafunga mdomo. Hata Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 2282 na 2283), inayokataza kujiua, inasema matatizo mazito ya akili hupunguza uwajibikaji wa mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wa waliojiua. Mama aliyejifungua karibuni akianza kusikia sauti au kuweweseka, naye asisubiri maombi ya Ijumaa: hospitali leo.

Kwenye vidonge ndipo makanisa hukosea zaidi. Dawa za sonona, kama fluoksetini, huchukua wiki 2 hadi 4, pengine 6, kuonyesha nafuu, lakini kichefuchefu na kukosa usingizi vinaweza kuja siku za kwanza. Ndiyo maana baada ya wiki moja watu husema dawa zinamharibu. Kosa la pili huja akishapona: anatoa ushuhuda, anatupa vidonge, na ugonjwa unarudi. Dawa huendelea angalau miezi 6 baada ya dalili kwisha, mara nyingi zaidi, na daktari ndiye huzipunguza kidogo kidogo. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, asifunge bila maji, kwa sababu mwili ukikauka dawa hulimbikizana kwenye damu hadi kuwa sumu. Paulo alimwombea Timotheo, na bado akamwandikia atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake.

Anzeni na zahanati au kituo cha afya, mkaombe rufaa. Hospitali za magonjwa ya akili, Mirembe ya Dodoma na Mathari ya Nairobi, hupokea waliozidiwa. Mmoja wenu amsindikize na kukaa naye kwenye foleni, akiwa na orodha ya dawa zote anazotumia, za mitishamba zikiwemo.

Ziara inayofuata itajieni siku na saa, muitimize. Na Jumapili kwenye maombi ya wagonjwa, jina lake lisisomwe mpaka mwenyewe akubali.