Somo: Kuangusha mkaratusi kwa msumeno wa mkono na kuutoa shambani

Wakulima wenzangu wa Njombe na Mufindi, kwa shamba la ekari moja au mbili si lazima ukodi msumeno wa mashine. Msumeno wa watu wawili, shoka, kabari za mti mgumu na kamba vinatosha.

1. Uzunguke mti kwanza. Umeegemea wapi? Kuna tawi kavu lililonasa juu? Tawi hilo linaua. Upepo ukivuma, ahirisheni. Asiyeshika msumeno akae mbali, mara mbili ya urefu wa mti.

2. Fyeka njia za kukimbilia, nyuma kwa mshazari, kushoto na kulia. Usikimbilie nyuma moja kwa moja: shina huweza kurudi kwa kishindo.

3. Kata mdomo, yaani pengo la pembe, upande wa kuangukia, kina robo ya unene wa shina. Mkato wa chini uwe mlalo, wa juu mshazari, ikutane bila kupitana.

4. Sasa mkato wa nyuma, vidole viwili juu ya usawa wa mdomo. Msumeno ukishazama, gonga kabari usibanwe. Na hapa nawasihi: msikate mpaka mwisho! Mti wa sentimita 30 ubakishieni kama sentimita 3 za mbao nzima, upana sawa pande zote. Hiyo ndiyo bawaba, ndiyo inayouongoza mti. Ukiimaliza, mti unaangukia utakako wenyewe. Ukisikia mlio wa kupasuka, acha msumeno, ondoka.

5. Kisiki kipunguzwe hadi sentimita 10 hivi, kiinamie upande mmoja maji yasituame, gome lisichanike. Machipukizi mazuri hutegemea hapo.

6. Gogo bichi la mita 3, unene sentimita 30, lina kama kilo 200. Msilibebe. Liinueni kwa mtaimbo, lisukumeni juu ya magongo ya mviringo. Kwenye mteremko, wote mkae upande wa juu. Nguzo zimenywe siku hiyohiyo, gome likiwa bado linavulika.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, mti ukinasa kwenye mwenzake, tukate ule ulioushika?
Hapana, kamwe. Wala usipande, wala usipite chini yake. Fungeni kamba kwenye kitako, mvute kurudi nyuma mkiwa mbali. Ukigoma, wekeni alama watu wasipite, mkatafute msaada.

Shikamoo mwalimu. Msumeno wangu unanata kwenye paini.
Marahaba. Ni utomvu. Upake mafuta ya taa kwa kitambaa kila unapopumzika. Na paini haichipui kisikini, andaa miche.

Miti ni yangu, kibali cha nini?
Cha kusafirishia. Muone afisa misitu wa wilaya kabla hujakata, si gari likishapakiwa.